Mafaili ya Ofisi za Umma Kuhamia Hifadhi ya Wingu: Mambo ya Kuzingatia ili Kumbukumbu za Mwananchi Zisipotee

Kadiri huduma za Serikali zinavyozidi kutolewa kwa mifumo ya TEHAMA, ofisi zilizozoea kutunza mafaili ya kielektroniki kwenye seva zilizo ndani ya majengo yake zinakabiliwa na uamuzi mkubwa: kubaki na seva hizo, au kuhamisha mafaili kwenda hifadhi ya wingu, yaani kwenye vituo vya data vinavyofikiwa kwa njia ya mtandao. Uamuzi huo huonekana kuwa wa mafundi, lakini matokeo yake humfikia mwananchi moja kwa moja.

Kwa mkazi wa Kata ya Sokon I katika Jiji la Arusha, kumbukumbu zinazohusika ni kama ramani ya nyumba iliyoidhinishwa, barua inayohusu kiwanja, muhtasari wa kikao kilichomaliza mgogoro wa mpaka, au nakala ya stakabadhi ya ada iliyolipwa miaka kumi iliyopita. Maombi ya leseni za biashara na vibali vya ujenzi sasa hupokelewa kupitia Mfumo wa TAUSI ulio chini ya OR-TAMISEMI. Hata hivyo, barua, michoro na nyaraka za zamani zilizoskaniwa kutoka kwenye majalada ya masijala ndizo ambazo kwa kawaida huishia kwenye seva ya mafaili. Zikipotea huko, si rahisi kuzipata kwingine.

Makala haya yanaeleza maana ya uhamisho huo, sheria zinazouongoza, hatua zinazopaswa kufuatwa, na jambo moja ambalo taasisi nyingi duniani zimelijua baada ya hasara: kupeleka mafaili kwenye wingu si sawa na kuyahifadhi.

Seva ya mafaili na sababu za kuihamisha

Seva ya mafaili ni kompyuta inayowawezesha watumishi kuhifadhi na kufungua mafaili ya ofisi katika sehemu moja ya pamoja. Taasisi yenye ofisi zaidi ya moja huweza kuweka seva katika kila ofisi na kuziunganisha kwa utaratibu wa urudufishaji. Faili likibadilishwa katika ofisi moja, mabadiliko hupelekwa kwenye seva za ofisi nyingine, hivyo watumishi wote huona faili lilelile bila kusubiri kulivuta kutoka mbali.

Utaratibu huo umetumika kwa miaka mingi na una faida zake. Changamoto huanza seva zinapozeeka. Diski huchakaa, chumba huhitaji kiyoyozi na umeme wa akiba, na kampuni zilizotengeneza programu huacha kutoa marekebisho ya usalama. Kwa mfano, Windows Server 2012 R2, iliyotumiwa na ofisi nyingi duniani, ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida ya marekebisho tarehe 10 Oktoba, 2023. Seva inayoendelea kutumika bila marekebisho hayo huwa mlango ulio wazi kwa wahalifu wa mtandao.

Sababu nyingine ni kukua kwa mafaili. Picha, video na nyaraka zilizoskaniwa hujaza diski haraka, ilhali sehemu kubwa yake haifunguliwi tena baada ya miezi michache. Hifadhi ya wingu huruhusu taasisi kuongeza nafasi bila kununua mtambo mpya, na kutenga mafaili yasiyotumika mara kwa mara katika hifadhi ya gharama nafuu.

Mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Katika mipango ya uhamisho, maneno matatu hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Kila moja lina kazi yake.

La kwanza ni urudufishaji. Lengo lake ni huduma isisimame: seva moja ikizimika, nyingine iendelee. Lakini urudufishaji hupeleka kila badiliko, liwe zuri au baya. Mtumishi akifuta folda kwa bahati mbaya, ufutaji huo hufika kwenye seva nyingine ndani ya muda mfupi. Kirusi kikiyafunga mafaili ili wahalifu wadai fedha, mafaili yaliyofungwa ndiyo yatakayorudufishwa.

La pili ni nakala ya akiba. Hii ni picha ya mafaili jinsi yalivyokuwa siku na saa fulani, iliyotengwa na mafaili yanayotumika kila siku. Lengo lake ni kurudi nyuma. Nakala ya akiba ya juzi inaweza kurejesha folda iliyofutwa jana. Urudufishaji peke yake hauwezi.

La tatu ni uhifadhi wa nyaraka. Hapa lengo ni kumbukumbu kubaki kamili, inayosomeka na inayoaminika kwa miaka mingi, hata baada ya mtumishi aliyeiandaa kustaafu na programu aliyoitumia kutoweka. Uhifadhi wa nyaraka unahitaji kujua kumbukumbu inahusu nini, ilitolewa na nani, itatunzwa kwa muda gani na nani ana mamlaka ya kuiteketeza.

Taasisi inayohamisha urudufishaji wake kwenda kwenye wingu bila kupanga mambo mawili yaliyobaki huwa imebadilisha mahali pa seva tu. Hatari ya kumbukumbu kupotea hubaki palepale.

Fundisho kutoka Korea Kusini na Ufaransa

Tarehe 26 Septemba, 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha Serikali kilichopo mjini Daejeon, Korea Kusini, wakati wa kazi ya kuhamisha betri za lithiamu. Mifumo 709 ya Serikali ilisimama. Mingi ilirejeshwa hatua kwa hatua, isipokuwa hifadhi ya wingu iliyojulikana kama G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wakitunza mafaili yao ya kazi. Takriban terabaiti 858 ziliteketea. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo haikuwa na nakala nje ya kituo kwa sababu ya ukubwa wake.

Miaka minne kabla, tarehe 10 Machi, 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala katika mji mwingine waliendelea na kazi. Baadhi ya waliodhani kuwa neno “wingu” linamaanisha nakala nyingi zenye usalama walipoteza data zao moja kwa moja.

Matukio hayo mawili yanaonesha kuwa wingu nalo ni jengo, lenye umeme, betri na mitambo inayoweza kuungua. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila kumbukumbu muhimu, katika aina mbili tofauti za hifadhi, na walau moja iwe mbali na eneo la ofisi. Kwa ofisi iliyopo Arusha, nakala iliyopo chumba cha pili cha jengo lilelile haitoshi. Nakala iliyopo Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, haiwezi kuguswa na moto, mafuriko au hitilafu ya umeme ya Arusha.

Arusha na uzoefu wa kutunza nyaraka za kimataifa

Mkoa wa Arusha una mfano wa karibu wa uhifadhi unaotazama mbali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilianzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa Azimio Na. 955 la Novemba 1994, na makao yake yakawekwa Arusha. Mahakama hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba, 2015 ikiwa imeacha mashauri, vielelezo, na rekodi za sauti na video za ushahidi uliotolewa kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Jukumu la kutunza urithi huo lilikabidhiwa chombo kilichorithi kazi za Mahakama, ambacho tawi lake la Arusha lilianza kazi tarehe 1 Julai, 2012. Majengo yake yaliyopo Lakilaki, nje kidogo ya Jiji la Arusha, yalifunguliwa rasmi Novemba 2016 yakiwa na jengo maalumu la nyaraka. Azimio Na. 1966 la mwaka 2010 lilikwishaweka wazi kuwa nyaraka hizo ni mali ya Umoja wa Mataifa na kwamba zitatunzwa pale yalipo matawi ya chombo hicho, yaani Arusha na The Hague.

Kuna mafunzo mawili kwa taasisi yoyote, hata iwe ndogo kiasi gani. La kwanza, maswali ya umiliki na mahali pa kutunza nyaraka yalijibiwa kabla ya Mahakama kufungwa. La pili, kanda za video hazikuachwa zizeeke: kazi ya kuzigeuza kuwa mafaili ya kidijitali ilikuwa sehemu ya uhifadhi wenyewe, kwa kuwa mashine za kuzisoma hupungua mwaka hadi mwaka.

Funzo hilo la pili linapata uzito zaidi likilinganishwa na hazina ya Taifa. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizopo Nyaraka za Taifa, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, bado zinasomeka ingawa zina zaidi ya karne moja. Karatasi iliyotunzwa vizuri husubiri. Faili la kompyuta halisubiri. Linahitaji kukaguliwa na kuhamishwa kila mara ili lisibaki bila programu ya kulifungua. Kwa sababu hiyo, nyaraka za kutunzwa muda mrefu hushauriwa kugeuzwa kuwa muundo wa PDF/A, ambao ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2005.

Sheria zinazoongoza

Uhamisho wa mafaili ya umma hauongozwi na mkataba wa kampuni ya wingu pekee. Zipo sheria za nchi zinazopaswa kuzingatiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inatambua kumbukumbu bila kujali umbo lake. Barua iliyo kwenye seva ina hadhi sawa na barua iliyo kwenye jalada. Kumbukumbu ya umma haiteketezwi kwa utashi wa mtumishi au kwa sababu diski imejaa. Uteketezaji unahitaji idhini ya mamlaka ya Nyaraka za Taifa. Sheria hiyo imeweka pia miaka 30 kuwa kipimo cha kumbukumbu zenye thamani ya kudumu kufikishwa Nyaraka za Taifa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 inazipa kumbukumbu za kielektroniki utambuzi wa kisheria. Ili utambuzi huo uwe na maana mbele ya chombo cha sheria, taasisi lazima iweze kuonesha kuwa kumbukumbu haikubadilishwa wakati wa kuhamishwa.

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo katika taasisi za umma. Taasisi inayopanga kuhamisha mafaili yake inapaswa kupata ushauri wa Mamlaka mapema, kabla ya kusaini mkataba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inaweka masharti ya kukusanya, kuchakata na kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Jalada lenye jina, picha, namba ya kitambulisho au taarifa za afya za mwananchi haliwezi kupelekwa kwenye kituo cha data cha nchi nyingine bila masharti hayo kutimizwa.

Data ikae wapi

Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Data jijini Dar es Salaam, kinachoendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaounganisha mikoa, ukiwemo Arusha. Hivyo wingu halilazimiki kuwa nje ya nchi.

Swali la mahali lina uzito wa kisheria na pia wa kiutendaji. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Ofisi ambayo mafaili yake yote yako ng’ambo hukosa mafaili yake siku kama hiyo, hata kama hakuna hata faili moja lililopotea. Njia inayofaa kwa ofisi nyingi ni kubaki na nakala ya mafaili yanayotumika kila siku karibu na watumishi, huku nakala za akiba na nyaraka zikitunzwa katika vituo viwili tofauti.

Hatua za uhamisho

Uhamisho unaofanyika kwa mpangilio hupitia hatua zifuatazo.

1. Kuorodhesha. Mafaili yote huhesabiwa: yako mangapi, ya nani, ya mwaka gani na mara ya mwisho yalifunguliwa lini. Nakala zinazojirudia hubainishwa. Kazi hii huwahusu Maafisa TEHAMA na Watunza Kumbukumbu kwa pamoja. Kundi moja likifanya peke yake, ama thamani ya kumbukumbu au hali ya mitambo husahaulika.

2. Kupanga madaraja. Mafaili yanayotumika, yanayotunzwa kwa muda maalumu na yenye thamani ya kudumu hutenganishwa kwa kufuata jedwali la uhifadhi na uteketezaji.

3. Kukokotoa muda. Terabaiti 4 zikipitishwa kwenye njia ya intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kusimama na bila mtumiaji mwingine, huchukua takriban siku 18 na nusu. Zikipitishwa usiku tu, kwa saa 12, muda huo huongezeka mara mbili na kufikia siku 37. Kwa mafaili mengi zaidi, nakala ya kwanza hupelekwa kwa diski zilizofungwa kwa usimbaji fiche, kisha mtandao hutumika kupeleka mabadiliko pekee.

4. Kuhamisha pamoja na taarifa za faili. Tarehe ya kuundwa, jina la mwandaaji na ruhusa za wanaoweza kulifungua vinapaswa kusafiri na faili. Barua ya mwaka 2014 ikifika ikiwa na tarehe ya siku ya uhamisho, thamani yake kama ushahidi hupungua.

5. Kuthibitisha. Kila faili hukokotolewa alama yake ya utambulisho kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Alama zikifanana, faili halikubadilika. Orodha ya alama hizo nayo hutunzwa kama kumbukumbu.

6. Kujaribu kurejesha. Mafaili machache huchaguliwa na kurejeshwa kutoka kwenye nakala ya akiba, mbele ya wahusika. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiwezi kutegemewa.

7. Kufunga seva ya zamani. Seva huachwa ikisomeka tu, bila kuandikwa, kwa kipindi kilichokubaliwa. Baada ya hapo diski zake hufutwa kabisa au kuharibiwa, kwa idhini na kwa maandishi. Diski iliyouzwa ikiwa na majalada ya wananchi ni uvunjifu wa sheria.

Katika hatua zote, nakala ya nyaraka inapaswa kuwekewa zuio la kutobadilishwa kwa muda uliopangwa, ili hata mwenye nywila ya msimamizi mkuu asiweze kuifuta. Funguo za usimbaji fiche zinapaswa kuwa mikononi mwa taasisi yenyewe, na zaidi ya mtumishi mmoja ajue utaratibu wa kuzipata. Funguo zikipotea, mafaili yapo lakini hayasomeki.

Gharama na mikataba

Hifadhi ya wingu hulipiwa kila mwezi, tofauti na seva inayonunuliwa mara moja. Afisa Masuuli anapaswa kupanga fedha hizo katika bajeti ya kila mwaka, kwa kuwa ankara isiyolipwa inaweza kusababisha huduma kusitishwa. Aidha, hifadhi ya bei nafuu ya mafaili yasiyotumika hutoza ada ya kuyarejesha na huchukua muda; katika baadhi ya huduma hadi saa 48. Haifai kwa jalada linalohitajika mezani siku hiyohiyo.

Mkataba unapaswa kutaja mambo manne bila utata: data ni mali ya taasisi, zitatunzwa nchi gani na katika vituo vingapi, taasisi itazipataje mkataba ukiisha na kwa gharama gani, na mtoa huduma atatoa taarifa ndani ya muda gani iwapo usalama umevunjwa.

Haki za mwananchi

Uhamisho wa mafaili haupunguzi haki ya mwananchi. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, mwananchi anaweza kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo ina wajibu wa kumjibu ndani ya siku 30. Jibu kwamba mfumo ulihamishwa halimaanishi kuwa kumbukumbu haipo. Ofisi inapaswa kueleza ilipo na lini itapatikana.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Asiporidhika anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili, 2024.

Wananchi nao wanashauriwa kutunza nakala zao za stakabadhi, vibali, barua za viwanja na hukumu, pamoja na namba za kumbukumbu zilizoandikwa juu yake. Namba ya jalada ndiyo inayomwezesha mtunza kumbukumbu kulipata faili kati ya maelfu, liwe katika kabati la masijala, kwenye seva ya ofisi au katika hifadhi ya wingu.